Merikebu za Waviking: jinsi ujuzi uliokaribia kupotea ulivyofufuliwa na wananchi

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kuna watu wanaotumia likizo zao kupasua magogo kwa shoka, kusokota kamba za magome ya miti na kufuma matanga ya sufu ya kondoo. Si kwamba wamekosa misumeno ya umeme, wala si kwamba kamba za nailoni hazipo madukani. Wanajifunza upya kazi waliyoifanya wazee wao zaidi ya miaka 900 iliyopita, kazi ya kuunda na kuendesha merikebu za Waviking.

Makala haya yanaeleza Waviking walikuwa nani, merikebu zao zilipatikanaje na zinaundwaje. Yanaeleza pia jambo lililowashangaza wataalamu wengi: mtu anaweza kuwa na merikebu yenyewe ya kale mbele ya macho yake, akaipima kila upande, na bado asijue namna ya kuiunda.

Waviking walikuwa nani?

Waviking walikuwa watu wa nchi ambazo leo ni Denmark, Norway na Sweden. Zama zao huhesabiwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 hadi katikati ya karne ya 11. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, na tukio hilo huchukuliwa na wengi kuwa mwanzo wa zama hizo.

Katika mawazo ya watu wengi, Mviking ni mtu wa vita tu. Ukweli ni kwamba wengi wao walikuwa wakulima, wafugaji, wavuvi na mafundi. Walilima shayiri, walifuga ng'ombe na kondoo, na walifanya biashara hadi Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Walihamia Iceland na Greenland, na wengine walifika Amerika Kaskazini karibu miaka 500 kabla ya Columbus. Mabaki ya makazi yao yaligunduliwa mwaka 1960 mahali paitwapo L'Anse aux Meadows, nchini Kanada.

Kofia za chuma zenye pembe, ambazo huonekana katika picha na filamu, hazikuvaliwa na Waviking vitani. Picha hiyo ilienezwa katika karne ya 19, hasa kupitia mavazi ya maigizo ya jukwaani nchini Ujerumani.

Yote waliyoyafanya, mema na mabaya, yalitegemea chombo cha baharini. Bila merikebu iliyo nyepesi, yenye mbio na inayoweza kupita maji mafupi, pasingekuwa na biashara, uhamiaji wala uvamizi.

Merikebu tano chini ya maji

Karibu na kijiji cha Skuldelev, nchini Denmark, kuna hori refu la bahari linaloingia nchi kavu hadi mji wa Roskilde. Wavuvi wa hapo walijua tangu zamani kwamba chini ya maji kulikuwa na rundo la mawe na mbao. Wazee walisimulia kuwa ni merikebu iliyozamishwa kwa amri ya Malkia Margrethe wa Kwanza, aliyetawala zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Kati ya mwaka 1957 na 1959 wapiga mbizi walichunguza mahali hapo. Waligundua kwamba mbao hizo ni za kale zaidi ya malkia huyo. Mwaka 1962 ukuta wa vyuma ulijengwa kuzunguka eneo hilo, maji yakavutwa kwa pampu, na wachimbaji wakaanza kutoa vipande vya mbao kimoja baada ya kingine. Mbao zilizokaa majini kwa karne nyingi huharibika zikikauka ghafla, kwa hiyo zilinyunyiziwa maji muda wote wa kazi. Uchimbaji ulikamilika kwa takriban miezi 4.

Kilichopatikana ni merikebu tano. Zilijazwa mawe na kuzamishwa makusudi katika karne ya 11 ili kuziba njia ya maji na kuulinda mji wa Roskilde dhidi ya maadui. Kila moja ni ya aina yake, na ndiyo sababu ugunduzi huo una thamani kubwa:

- Merikebu ya mizigo ya bahari kuu, yenye urefu wa takriban mita 16, iliyoundwa magharibi mwa Norway.
- Merikebu ndefu ya vita, yenye urefu wa karibu mita 30 na makasia 60.
- Chombo kidogo cha mizigo cha pwani, chenye urefu wa mita 14.
- Merikebu ndogo ya vita, yenye urefu wa zaidi ya mita 17 na makasia 26.
- Mashua ya kuvulia samaki, yenye urefu wa zaidi ya mita 11.

Merikebu ndefu ya vita ilileta habari isiyotarajiwa. Wataalamu walihesabu pete za ukuaji zilizomo ndani ya mbao zake. Mti huongeza pete moja kila mwaka, nyembamba au nene kulingana na hali ya hewa ya mwaka huo na mahali ulipoota. Pete hizo zilionyesha kwamba merikebu hiyo haikuundwa Denmark. Iliundwa Dublin, nchini Ireland, mwaka 1042.

Mwaka 1969 Makumbusho ya Merikebu za Waviking yalifunguliwa Roskilde, na mabaki hayo yakawekwa humo. Hapo likazuka swali: vyombo hivi viliundwaje, na vilikwendaje majini? Mbao zilizovunjika hazikuweza kulijibu. Ilibidi watu waunde vingine.

Chombo kinaundwaje?

Ukitazama merikebu ya Waviking kwa nje, utaona mbao zimepandiana, ubao wa juu ukilalia ule wa chini, mfano wa mabati ya paa. Mahali mbao mbili zinapokutana hupigiliwa misumari ya chuma, na ncha za misumari hupondwa kwa ndani juu ya kipande kidogo cha chuma ili zisichomoke. Katikati ya mbao huwekwa uzi wa sufu uliolowekwa lami ya msonobari, kuzuia maji yasipenye.

Kazi huanza kwa mkuku, ule mti mkuu wa chini. Kisha huwekwa miti ya omo na ya tezi, na baada ya hapo mbao za ubavuni hupandishwa moja moja. Mataruma, yaani mbavu za ndani, huingizwa baadaye. Kwa hiyo umbo la chombo hutokana na mbao zenyewe na jicho la fundi. Hapakuwa na mchoro wa karatasi.

Mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki nao walijua kulitanguliza ganda la nje kabla ya mbavu. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni uliundwa hivyo, ila mbao zake zilikaa ukingo kwa ukingo na kushonwa kwa kamba badala ya misumari. Tanga lake la mkeka lilikuwa la mraba, na tanga la Waviking lilikuwa la mraba pia, ingawa kwa kitambaa cha sufu.

Jambo la pili la kujua ni namna mbao zinavyopatikana. Waviking hawakupasua mbao kwa msumeno. Gogo la mwaloni lilipasuliwa kwa kabari likiwa bichi: kwanza nusu kwa nusu, kisha robo, kisha vipande 8, hadi 16 au zaidi, kama mtu anavyokata keki kutoka katikati. Kila kipande kilichongwa kwa shoka hadi kuwa ubao. Ubao wa namna hiyo hufuata nyuzi za mti kutoka mwanzo hadi mwisho. Msumeno hukata nyuzi hizo, lakini kabari huziacha nzima. Kwa hiyo ubao unaweza kuwa mwembamba na mwepesi bila kuwa dhaifu, na chombo kizima kinaweza kujipinda kidogo kikipigwa na mawimbi badala ya kuvunjika.

Kwa mataruma, fundi alikwenda msituni kutafuta matawi yaliyopinda yenyewe kwa umbo alilolihitaji. Fundi wa vyombo alilazimika kuujua msitu kama alivyoijua bahari.

Mambo haya yalifahamikaje? Mengine yalisomwa katika alama za shoka zilizobaki juu ya mbao za kale. Mengine yalionekana katika pazia la Bayeux, kitambaa kirefu cha darizi cha karne ya 11 kinachoonyesha mafundi wakikata miti na kuunda merikebu kwa mashoka. Lakini mengi yalifahamika pale tu watu waliposhika shoka na kujaribu.

Kati ya mwaka 1982 na 1984, mafundi wa Roskilde waliunda upya kile chombo kidogo cha mizigo na kukiita Roar Ege. Walitumia zana za mfano wa zile za kale. Zilifuata Helge Ask mwaka 1991, Kraka Fyr mwaka 1998, Ottar mwaka 2000, na mwaka 2004 ile merikebu ndefu ya vita. Kazi ya kuziunda upya zote tano ilichukua zaidi ya miaka 20.

Chombo kilichozama

Nchini Norway, mkulima mmoja alichimba kichuguu kikubwa katika shamba lake huko Oseberg, karibu na mji wa Tønsberg, mwaka 1903. Alikuta mbao za merikebu. Wataalamu walipochimba mwaka 1904 na 1905, walitoa merikebu yenye urefu wa zaidi ya mita 21, iliyopambwa kwa nakshi za ajabu. Ndani yake walizikwa wanawake wawili mwaka 834. Merikebu hiyo iliunganishwa upya na kuwekwa Oslo, na ni moja ya merikebu za Waviking zinazojulikana zaidi duniani.

Mwaka 1987 iliundwa nakala yake kwa kufuata vipimo vya merikebu hiyo. Mwaka 1988, ikiwa inakwenda kwa tanga, maji yaliingia upande wa mbele na nakala hiyo ikazama.

Wengine walisema Oseberg haikuwa merikebu ya safari, labda ilikuwa pambo la wakubwa tu. Wengine walishuku kwamba kosa liko kwenye nakala. Kuanzia mwaka 2006 kila kipande cha merikebu ya asili kilipimwa upya kwa mwanga wa leza. Ikaonekana kwamba mbao zilikuwa zimevunjwavunjwa na uzito wa udongo na mawe, na zilipounganishwa mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi hazikurudi katika umbo lake la kwanza. Sehemu ya mbele chini ilitakiwa kuwa pana zaidi. Waliounda nakala ya kwanza walinakili kwa uaminifu kitu kilichokuwa kimepinda.

Safari hii kazi ilifanyika hadharani, ufukweni mwa mji wa Tønsberg, kuanzia mwaka 2010. Mafundi wenye uzoefu walifanya kazi pamoja na wananchi waliojitolea, na wapita njia walisimama kutazama na kuuliza. Tarehe 20 Juni 2012 merikebu hiyo, Saga Oseberg, ilishushwa majini. Baadaye ilijaribiwa kwa tanga, nayo ikaenda vizuri. Waviking hawakuwa wamekosea.

Tukio hili lilibadilisha mawazo ya watu wengi. Lilionyesha kwamba kuunda upya si mchezo wala maonyesho ya watalii. Ni njia ya kuuliza swali na kupata jibu ambalo vitabu haviwezi kulitoa. Bahari haidanganyiki kwa vipimo vya karatasi.

Wavuvi wazee na kondoo wa visiwani

Kuunda chombo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukiendesha, na hapa palikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza ujuzi. Tanga la mraba huendeshwa kwa namna yake, tofauti na tanga la pembe tatu. Injini zilipoenea katika karne ya 20, watu waliojua kuliendesha walipungua haraka.

Bahati nzuri, katika pwani ya Norway mashua ndogo zenye mbao za kupandiana na tanga la mraba ziliendelea kutumika kwa uvuvi karne nyingi baada ya Waviking. Katika miaka ya 1970 na 1980 walikuwapo bado wazee wachache waliozikumbuka. Walitafutwa, wakaulizwa, wakapandishwa mashuani waonyeshe kwa mikono. Mambo mengi ambayo mzee hakuweza kuyaeleza kwa maneno akiwa amekaa kitini, aliyafanya bila kufikiri alipoishika kamba.

Tanga lenyewe lilikuwa fumbo. Sufu ya kawaida ya dukani hupitisha upepo na hulowa maji. Kipande cha tanga la kale kilichokutwa darini mwa kanisa la Trondenes, kaskazini mwa Norway, kilisaidia kutoa jibu. Tanga zuri lilihitaji sufu ya kondoo wa asili wa kaskazini, wadogo, wanaokaa nje visiwani mwaka mzima. Kondoo hao wana manyoya ya aina mbili: marefu na magumu kwa nje, mafupi na laini kwa ndani. Yale marefu yalitoa uzi wenye nguvu, na yale laini yalijaza nafasi. Kitambaa kikishafumwa kilipakwa mchanganyiko wa mafuta ya wanyama, lami na udongo mwekundu ili kushika upepo.

Tanga la merikebu kubwa lilihitaji sufu ya kondoo wengi sana na kazi ya miaka ya kusokota na kufuma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake. Kwa hiyo nyuma ya kila merikebu iliyokwenda vitani au sokoni kulikuwa na kijiji kizima: wachungaji, wasokotaji, wafumaji, wachoma lami, wahunzi na wakata miti. Jambo hilo halikuonekana wazi mpaka watu walipojaribu kufuma tanga moja tu.

Safari ya Dublin

Nakala ya merikebu ndefu ya vita ilipewa jina la Havhingsten fra Glendalough, maana yake Farasi dume wa bahari kutoka Glendalough. Glendalough ni bonde la Ireland lililo karibu na Dublin, ambako inaaminika miti ya merikebu ya kale ilikatwa. Tanga lake lina ukubwa wa mita za mraba 112.

Tarehe 1 Julai 2007 merikebu hiyo iliondoka Roskilde ikiwa na mabaharia zaidi ya 60. Wengi wao hawakuwa mabaharia wa kazi. Walikuwa watu wa kujitolea waliofanya mazoezi kwa miaka kadhaa. Walipita Norway, wakavuka Bahari ya Kaskazini hadi visiwa vya Orkney, wakashuka kando ya Scotland na kufika Dublin tarehe 14 Agosti.

Safari haikuwa rahisi. Merikebu haina chumba wala paa. Mvua na mawimbi viliwapiga usiku na mchana, na baridi ilikuwa kali ingawa ulikuwa msimu wa kiangazi. Upepo ulipokatika katika Bahari ya Kaskazini, ilibidi ivutwe na chombo kingine kwa sehemu ya njia. Wakati mwingine bahari ilichafuka hadi ikawa vigumu kusimama. Mwaka uliofuata merikebu ilirudi Denmark kwa njia ya kusini mwa Uingereza.

Makumbusho yalijifunza kutokana na kila kilichokatika na kila kilichostahimili. Hata hivyo, somo kubwa lilihusu watu. Ilionekana wazi kwamba watu 60 hawawezi kuiendesha merikebu ya namna hiyo bila kuzoeana kwanza, kila mmoja akijua kamba yake na zamu yake.

Historia hai katika vijiji

Kujifunza kwa kutenda hakuishii baharini. Mwaka 1964 kituo cha majaribio ya historia kilianzishwa Lejre, karibu na Roskilde. Watafiti walijenga nyumba za kale, wakalima kwa jembe la mti, wakayeyusha chuma. Baadaye familia za kawaida ziliruhusiwa kukaa humo kwa siku kadhaa wakati wa kiangazi, zikivaa, kupika na kulala kama watu wa zamani. Watu huita elimu ya namna hii historia hai.

Huko Lofoten, kaskazini mwa Norway, mwaka 1981 mkulima aliyekuwa akilima shamba alifukua dalili za makazi ya kale. Uchimbaji ulionyesha misingi ya nyumba ya mtemi yenye urefu wa mita 83, ndefu kuliko nyumba zote za Waviking zilizowahi kupatikana. Nyumba ya mfano wake ilijengwa jirani, na tangu mwaka 1995 ni makumbusho ambamo wageni hushika kazi kwa mikono yao.

Mfano mmoja wa kazi ya wananchi wa kijijini uko Ladby, katika kisiwa cha Fyn, Denmark. Mwaka 1935 paligunduliwa kaburi la mtu mkubwa aliyezikwa ndani ya merikebu pamoja na farasi 11. Mbao zote zilikuwa zimeoza. Kilichobaki ni alama ya umbo la merikebu katika udongo, na safu za misumari ya chuma iliyokaa pale pale ilipopigiliwa. Kwa kufuata alama hiyo, kikundi cha watu wa eneo hilo kilijitolea kuunda merikebu nzima. Walifanya kazi kwa miaka kadhaa, wengi wao wakiwa wastaafu, na mwaka 2016 waliishusha majini. Kikundi hicho ndicho kinachoitunza na kuiendesha.

Utaratibu huu upo sehemu nyingi za Denmark. Merikebu ina kikundi chake cha kujitolea. Anayetaka kupanda na kusafiri wakati wa kiangazi hana budi kuja kupaka lami na kusugua mbao wakati wa baridi. Fundi seremala, mwalimu, nesi na mwanafunzi hukaa benchi moja la makasia, na mgeni hujifunza kwa kukaa karibu na mwenyeji.

Mzizi mmoja na vyuo vyetu vya wananchi

Nchi hizo zilikuwa na desturi ya elimu iliyorahisisha jambo hili. Mwaka 1844, katika mji wa Rødding, ilifunguliwa shule ya kwanza ya wananchi kwa kufuata mawazo ya N.F.S. Grundtvig, mwalimu na mchungaji wa Denmark. Ilikuwa shule ya bweni kwa vijana wa vijijini. Grundtvig aliamini kwamba mkulima anastahili elimu inayomjenga kama mtu, inayotokana na lugha yake na maisha yake, wala si mtihani tu. Shule hizo zilienea katika nchi zote za kaskazini. Hadi leo shule ya wananchi ya Fosen, nchini Norway, hufundisha vijana kuunda na kuendesha mashua za jadi.

Wasikilizaji wa Tanzania wana uhusiano na historia hiyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 wakati wa uongozi wa Mwalimu Nyerere, viliiga mfano wa shule hizo za Skandinavia, na Sweden ilisaidia kuvianzisha. Useremala, ushonaji, kilimo na ufundi mwingine unaofundishwa humo hadi leo vimetokana na wazo lile lile: kwamba mtu mzima hujifunza vizuri akiwa na kazi mkononi na wenzake kando yake.

Mambo yasiyopambwa

Historia hai ina hatari zake. Ni rahisi kuonyesha mikate, shanga na nyimbo, na kuacha machungu. Waviking walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Waliteka watu Ireland, Uingereza na Ulaya Mashariki, wakawauza mbali. Dublin, ilikoundwa merikebu ile ndefu, ilikuwa soko kubwa la watumwa. Merikebu inayosifiwa kwa ubora wake ilifaa pia kwa kazi hiyo. Makumbusho yanayofanya kazi yake kwa haki huwaeleza wageni mambo yote mawili.

Hatari ya pili ni siasa. Manazi wa Ujerumani walitumia alama za Waviking kujenga hoja ya ubora wa damu yao, na makundi ya wabaguzi wa rangi hufanya hivyo hata leo. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya watu 442 wa zama hizo na karibu nazo, uliotolewa mwaka 2020, ulipinga hoja hiyo. Waviking hawakuwa ukoo mmoja. Walichanganyika na watu wa kusini mwa Ulaya na wa Asia, na wengi hawakuwa na nywele za rangi ya dhahabu.

Je, ujuzi huu sasa uko salama?

Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliuingiza utamaduni wa mashua za mbao za kupandiana katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Maombi yaliwasilishwa kwa pamoja na Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Kilichoandikwa humo si mashua. Ni ujuzi wa kuziunda na kuziendesha.

Orodha peke yake haifundishi mtu. Mashua za plastiki ni nafuu na hazihitaji matengenezo mengi, hivyo fundi wa mbao hupata wateja wachache. Vyombo navyo huzeeka: Roar Ege, iliyoundwa mwaka 1984, ilitolewa majini mwaka 2016 baada ya kuchoka. Makumbusho yakaamua kuunda nyingine badala yake. Uamuzi huo ulitoa nafasi kwa kizazi kipya cha mafundi kuianza kazi toka msituni hadi majini, wakiwa na wakubwa wao kando. Kama wangengoja miaka 20 zaidi, wale walioiunda ya kwanza wasingekuwapo kufundisha.

Mambo ya kukumbuka

- Kifaa cha kale hakibebi ujuzi wote wa kukitengeneza. Nakala ya Oseberg ilizama ingawa ilipimwa kwa makini.
- Ujuzi wa mikono hurithishwa kwa kazi ya pamoja. Wavuvi wazee wa Norway walionyesha kwa kamba mambo ambayo hawakuweza kuyasema.
- Fundi mmoja hategemei chuma na mbao tu. Nyuma yake kuna msitu, mifugo, wasokotaji na wahunzi. Kimoja kikipotea, vingine huyumba.
- Kufufua kazi iliyokufa kuligharimu watu wa kaskazini miongo mingi. Kuendeleza kazi wakati mjuzi wake angali hai ni rahisi zaidi na hugharimu kidogo.
- Historia inayofundishwa kwa vitendo inapaswa kueleza pia walioumia.